Mama anasema nataka kuivisha saa ya baba buibui

Assalaam alaykum, fundi wa saa. Shikamoo.

Mie ni kijana wa miaka 29, mzaliwa wa Wete, Pemba. Kazi yangu iko Unguja, mapokezi ya hoteli moja ya pwani ya mashariki, na nyumbani naenda kila nikipata mapumziko ya siku tatu. Nakuandikia kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini limenikosesha raha na mama yangu tangu mwezi uliopita.

Baba yangu alifariki mwaka jana, mwezi wa Rajabu. Aliacha saa ya mkononi, Omega Seamaster ya chuma, ile isiyotaka betri, inayojijaza yenyewe mkono ukitikisika. Aliinunua Maskati mwaka 1984 alipokuwa akiendesha gari la maji, na nyuma yake kuna maandishi ya kuchongwa: herufi za jina lake kwa Kiarabu na mwaka. Watu wakisikia imetoka Maskati huuliza kama ina jambia la Sultan Qaboos usoni. Haina. Ni saa ya dereva aliyekusanya mshahara wake. Tangu nipate akili sijamuona baba bila ya saa ile ila akitia udhu, na hata hapo alikuwa akiitia mfukoni mwa shati, haiweki chini.

Siku nne kabla hajafariki aliivua akanifunga mie mkononi. Ikanipwaya. Akacheka, akasema nile nishibe niijaze. Yalikuwa maneno yake ya mwisho ya mzaha kwangu.

Sasa, kilichonifika. Usiku mmoja nikiwa zamu, alikuja mgeni Mtaliano kuchukua ufunguo wa chumba. Pale mapokezi taa zetu ni kali, na kila saa inayopita juu ya meza huwaka. Yake haikuwaka. Ilikuwa nyeusi yote, bodi, cheni, mpaka ufunguo wa pembeni, na taa ilipoifikia ni kama ilizama ndani. Nilimwomba niishike, akanipa bila ya wasiwasi. Ilikuwa ya kauri, nyepesi kuliko nilivyodhani, laini kama kijiwe kilichokaa sana baharini. Tangu siku ile, fundi, nikifumba macho naiona.

Usinifikirie mtu wa kujionesha. Wenzangu kazini wananunua saa za rangi ya dhahabu na mie sizitaki. Dhahabu kwa mwanamme najua hukumu yake, na hata ile ya kupaka naona inapiga kelele. Nyeusi niliiona tofauti. Niliiona ya mtu mzima, mtu aliyetulia.

Inshallah Mfungo Mosi naoa. Nitavaa kanzu na joho jeusi alilovaa baba siku yake, lipo bado kwenye sanduku la mama. Nikapata wazo kwamba saa ya baba nayo iwe nyeusi, nitoke nayo chini ya mkono wa joho. Kuna kijana Dar es Salaam nimempata kwa simu, anasema kwa laki sita ataipiga PVD nyeusi, ule utando wa kupakwa juu ya chuma, bodi na cheni pamoja, siku kumi tu, na itarudi kama imetoka kiwandani. Na kuna mwengine hapa Darajani amenionesha saa nyeusi ya Hublot, kampuni ya Uswisi, anasema ni orijino kutoka Dubai, mwenyewe kakwama, anaiachia kwa laki nne.

Nilipopanda boti kwenda Pemba nikamweleza mama habari ya kuipaka saa. Aliichukua mkononi mwangu, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaitazama mbele na nyuma. Halafu akasema, "Unataka kuivisha saa ya baba yako buibui? Ina aibu gani ya kufunikwa?" Akanirudishia, akaenda jikoni. Tangu siku hiyo nikipiga simu ananijibu, lakini kwa maneno ya kuhesabu.

Dada yangu anasema ni huzuni za kufiwa, zitapita. Kaka yangu anasema saa ni yangu, nifanye nitakalo. Wewe umeshika saa maisha yako yote. Niipake? Ninunue ile ya Darajani nimwachie mama ya baba? Au niache hamu yangu kabisa?

Mwana wa Wete

*

Waalaykum salaam, mwanangu, marahaba. Mungu amrehemu baba yako, na akujaalie uoe kwa kheri.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Naona nyumbani kwenu kila mtu amejibu la saa ya baba, hapana aliyejibu la hamu yako. Nitaanza hapo, maana hamu ile si ya kitoto, nami naijua.

Nilikuwa bado mwanafunzi wa ufundi, miaka ya themanini mwanzoni, tukikaa na mwalimu wangu kwenye kichumba kisichozidi upana wa kitanda pale Mkunazini. Akaja injinia wa meli iliyotia nanga Malindi ya Unguja, saa yake imesimama. Ilikuwa nyeusi. Mie nilikuwa sijaona saa ya chuma nyeusi maishani mwangu. Saa kwetu ilikuwa nyeupe au ya manjano. Mwalimu aliiweka juu ya kitambaa na sote wawili tukanyamaza. Ilikuwa Porsche Design. Baadaye ndipo nikajua habari zake: Ferdinand Alexander Porsche, yule aliyechora gari la 911, alifungua ofisi yake ya uchoraji mwaka 1972, na saa hiyo ikawa miongoni mwa kazi zake za mwanzo, ikitengenezwa Uswisi na kampuni ya Orfina. Aliichukua kutoka kwenye dashibodi ya gari. Geji za gari ni nyeusi ili jua lisimrudie dereva machoni, na tarakimu ni nyeupe ili azisome kwa kutupa jicho. Akahamisha hesabu ile ile mkononi.

Kwa hiyo weusi ulianza kwa kazi, kuzuia mng'aro. Ulichokiona wewe pale mapokezi ndicho hicho alichokikusudia yule bwana zaidi ya miaka 50 iliyopita: vyote vinarudisha taa, kimoja hakirudishi, na jicho linakwenda kwa kile kilichonyamaza. Hujarogwa, na hujawa mtu wa kujionesha. Jicho lako zuri.

Lakini nikwambie pia nilichokiona kwenye saa ya injinia tulipoigeuza. Pembeni, pale inapokutana na mkono wa shati, na kwenye bizimu, na kwenye masikio yanayoshika cheni, weusi ulikuwa umeliwa. Chuma cheupe kimechungulia, kama kiti cha kale kilichopauka pale watu wanapoweka mikono. Injinia hakujali, ni mtu wa grisi. Mwalimu wangu aliniambia neno moja tu: "Huu ni weusi wa ngozi."

Hilo neno ndilo nataka ulishike, kwa sababu kijana wa Dar anakuuzia weusi wa ngozi, na mgeni wako Mtaliano alikuwa na weusi wa ndani, na wewe umezichanganya mbili hizo ukadhani ni kitu kimoja.

PVD hufanywa hivi. Bodi tupu la saa huingizwa kwenye chumba kilichonyonywa hewa yote, metali inageuzwa mvuke, na mvuke unakwenda kutua juu ya chuma punje kwa punje mpaka unafanya utando. Utando wenyewe ni maikroni chache. Unywele wako mmoja una unene wa kama maikroni 70, basi pima mwenyewe. Ukifanywa kiwandani, juu ya bodi jipya lililosafishwa vizuri, unakaa miaka, na ule wa jamii ya DLC, ambao ni wa kaboni iliyopangika karibu na almasi, ni mgumu zaidi kukwaruzika. Sina ubaya nao. Tudor, kiwanda cha saa cha Uswisi, wamewahi kuuza saa za namna hiyo, na watu wanazivaa kwa raha. Lakini utando ni utando: ukipata mkwaruzo wa kuuvuka, chini kuna chuma cheupe, na mkwaruzo mweupe juu ya cheusi huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Wewe kazi yako ni kusugua mkono juu ya meza ya jiwe kutwa nzima.

Kauri ni habari nyengine. Ile ni unga, oksidi ya zirkoni, unashindiliwa ndani ya kalibu kisha unachomwa kwenye joto la nyuzi 1,400 na zaidi. Ikitoka tanuruni imenywea karibu robo, kwa hiyo anayeichora lazima aichore kubwa, ajue itarudi ndogo kiasi gani. Naipenda sana hesabu hiyo, inanikumbusha wanawake wa Pemba wanaofinyanga vyungu, wanaojua chungu kibichi si kipimo cha chungu kilichokauka. Baada ya hapo hapana chombo cha kawaida kinachoichonga ila cha almasi. Kwa kipimo cha ugumu cha Vickers, chuma cha saa ni kama 200, kauri inapita 1,200. Funguo na shilingi haziifanyi kitu. Na ukiikata katikati ni nyeusi mpaka ndani. Ni nyepesi kuliko chuma, ndio maana ukashangaa ulipoishika.

Ila ina adui mmoja, nayo ni sakafu. Chuma kikianguka kinabonyea, kauri ikianguka vibaya inavunjika kama kikombe, na bodi likishavunjika hapana cha kuunga, ni kuagiza jipya kutoka kiwandani. Nimewahi kuletewa moja katika mfuko wa plastiki, vipande vitatu, iliyoanguka juu ya vigae vya choo. Mwenyewe alikuwa mtu mzima, akaniangalia kama mgonjwa anavyomuangalia daktari. Sikuwa na la kumpa.

Viwanda vya Uswisi vya IWC na Rado vilikuwa na saa za kauri tangu 1986, lakini aliyezifanya watu wazitamani ni Chanel na saa yao ya J12, mwaka 2000, iliyopewa jina kutokana na mashua za mashindano. Halafu 2006 Hublot, chini ya Jean-Claude Biver, wakatoa moja waliyoiita All Black: bodi jeusi, uso mweusi, akrabu, yaani mishale yake, nyeusi, tarakimu nyeusi. Yaani saa usiyoweza kuisoma vizuri. Biver alijua anachofanya. Aliona kwamba mtu ana simu mfukoni ya kumwambia wakati, kwa hiyo saa ya mkononi imebaki na kazi ya kumwambia mtu yeye ni nani, na kumwambia kwa sauti ya chini. Mie kama fundi bado nagombana na wazo hilo moyoni mwangu. Saa niliyofunzwa mimi ni ya kukwambia adhuhuri imekaribia hata ukiwa kwenye ngazi yenye giza. Ukija kununua nyeusi siku moja, nunua yenye akrabu nyeupe.

Sasa tuje kwa saa ya baba.

Kijana wa Dar amekwambia itarudi kama imetoka kiwandani. Hakukwambia itapita wapi. Ili utando ushike, bodi lazima livuliwe kila kitu, mashine itoke, kioo kitoke, raba za kuzuia maji zitoke, na uso wa chuma uwe safi na sawa. Saa ya mtu aliyeendesha gari la maji jangwani na kisha kuishi Pemba miaka yote hiyo ina mikwaruzo, na mikwaruzo haifichwi na maikroni chache, inaonekana vile vile, nyeusi juu ya nyeusi. Kwa hiyo ataisugua kwanza, au ataipiga mchanga kwa mashine ya upepo. Kona alizozichonga fundi wa Uswisi zitalainika kama sabuni iliyotumika. Maandishi ya nyuma hayakuchongwa kwa kina, nadhani, kwa sababu wachongaji wa maduka ya saa huchonga juu juu. Yakipita kwenye kusuguliwa na kupakwa, herufi za baba yako utazisoma kwa tochi kama utazisoma. Na siku utakapojuta, kuutoa utando ni kuisugua tena. Chuma kilichoondoka hakirudi.

Liko na hili la kidunia zaidi. Viwanda vikubwa vya Uswisi havipendi kupokea saa iliyobadilishwa na mkono wa nje, na vingi hukataa kuitengeneza. Wapo waliojenga biashara kwa kupaka saa weusi, maarufu wao ni George Bamford wa London, aliyeanza kwa kuzifanya nyeusi saa za Rolex, ambazo kiwandani hazitoki na bodi jeusi. Hata yeye, tangu 2017, anafanya kazi kwa ruhusa na makubaliano na viwanda kama TAG Heuer na Zenith. Na Omega hao hao walioitengeneza saa ya baba yako, walipotaka kutoa nyeusi saa yao nyengine, Speedmaster, mwaka 2013, waliichonga kwa kauri, bodi zima kutoka tofali moja. Wenye saa wenyewe walianza upya kutoka kwenye unga. Kijana wa Dar anataka kuanzia juu ya saa ya baba yako, kwa siku kumi.

Jibu langu ni usiipake. Sina mashaka hata kidogo.

Kaka yako amesema saa ni yako. Hapo mwanangu nenda polepole. Mie si kadhi, lakini nimekaa baraza na makadhi. Alichokupa baba akiwa katika maradhi aliyofia, mashekhe hukihesabu kama wasia, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie. Mama yako ana thumni yake, moja ya nane, katika mali ya mumewe, na dada yako ana fungu lake. Yawezekana wote waliridhia bila kusema, kwa sababu waliona kwa macho yao baba akikufunga. Lakini kuridhia uivae ni kimoja, na kuridhia uigeuze ni kingine. Waulize wazi, wakiwa wamekaa pamoja, na kama kuna tatanishi muulizeni kadhi wenu au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ni jambo la nusu saa, na litakufanya uivae ukiwa na moyo mweupe.

Ile ya Darajani iache ilipo. Hublot nyeusi ya kweli bei yake ni maelfu ya dola, na mwenye kukwama haiachii kwa laki nne, anajua kuna watu wa kumpa mara kumi ya hapo. Kwa kujifunza tu, ukipita tena itazame akrabu ya sekunde. Saa ya mashine ya Uswisi ya siku hizi hupiga kwa kawaida mara 28,800 kwa saa moja, mara nane kwa sekunde, kwa hiyo akrabu inateleza. Ikiwa inaruka sekunde kwa sekunde, tik, tik, ndani kuna betri ya shilingi elfu mbili. Kisha chungulia ukingo wa bizimu na meno ya ufunguo wa pembeni. Rangi ya kupaka huanza kutoka hapo. Wala usijisumbue na sumaku kama wanavyofundishana vijana, chuma kizuri cha saa nacho hakishikwi sana na sumaku. Na kwa kuwa umeitaja dhahabu, ujue baadhi ya hizo nyeusi za kweli zina pete ya dhahabu ya waridi juu ya bodi. Ile ni dhahabu hasa, robo tatu yake, iliyochanganywa na shaba ikapata wekundu. Usije ukaikimbia ya manjano ukaangukia kwenye nyekundu.

Sasa joho. Hapa ndipo barua yako ilinigusa, na nadhani jibu lake unalo mwenyewe ila hukuliona. Ulichokitaka siku ya harusi ni saa ya baba chini ya joho la baba, na iwe imetulia, isipige kelele. Basi vua cheni. Cheni ya chuma ndiyo inayowaka kuliko kitu chochote katika saa, ina vipande vingi na kila kimoja ni kioo kidogo. Tia mkanda mweusi. Wa ngozi kwa siku ya harusi, usio na mng'aro, usio na uzi mweupe. Wa raba nyeusi kwa kazini, maana ngozi na jasho la pwani hazipatani, miezi sita tu ngozi imeoza na inanuka. Upana baina ya masikio ya saa hizo huwa milimita 18 au 20 mara nyingi, lakini pima, usikisie. Mkanda mwembamba kuliko nafasi yake unaonekana kama jino lililong'oka. Nimezifanyia hivyo saa nyingi za wazee, na mara zote hutokea kitu kimoja: bodi la chuma juu ya mkanda mweusi linakaa kimya, na uso wa saa ndio unaozungumza. Na kama ilikuwa ikikupwaya kwa cheni, mkanda utakukaa bila ya kusubiri ushibe.

Cheni usiiuze, usiigawe, usiitoe kipande. Ifunge kwa kitambaa cha pamba, uiweke pale alipokuwa baba akiweka vitu vyake.

Laki sita ulizokuwa umpe kijana wa Dar, toa sehemu yake uifanyie saa huduma. Mashine ya umri ule mafuta yake yamekauka, na raba zimekuwa kama ganda la mkate. Hazizuii maji tena, hata kama nyuma pameandikwa nini. Baba yako kuitia mfukoni akitia udhu alikuwa anajua. Zilizobaki zina harusi mbele yake, nawe huhitaji mie nikwambie harusi ya Pemba inakula nini.

Na hamu yako ya ile nyeusi ya Mtaliano? Ihifadhi. Hutakiwi kuiua. Ikikusumbua sasa hivi, Casio wana G-Shock, ile saa ya Kijapani iliyozaliwa 1983, nyeusi ya plastiki ngumu, nyeusi mpaka ndani, unaanguka nayo kwenye ngazi inaendelea kuhesabu. Nimeona wavuvi wa Nungwi na matajiri wa Kihindi wameivaa ile ile. Ya kauri itakuja kwa pesa yako, kwa wakati wako, nayo itakuwa saa yako ya kwanza kabisa, isiyokuwa ya mtu mwengine kabla yako. Mwanao atakuja kuikuta.

Kuhusu mama. Dada yako anasema ni huzuni, zitapita. Mie sidhani mama yako alikuwa anasema juu ya huzuni. Mama anayavaa mabuibui miaka yote, anajua yanafunika nini na kwa nini. Aliishika saa, akaigeuza mbele na nyuma, akakuuliza ina aibu gani. Lile lilikuwa swali, na wewe hukulijibu. Mikwaruzo unayotaka kuifunika wewe, yeye anaijua mmoja mmoja: upi ni wa mlango wa lile gari la maji, upi ni wa siku walipokuwa wakianika karafuu, upi ulitoka siku ulipozaliwa wewe. Hivyo havijaandikwa popote zaidi ya pale kwenye chuma na kichwani mwake.

Panda boti, mwanangu, usimalize kwa simu. Nenda na saa mkononi, na mkanda mweusi mfukoni ukiwa umeshaununua. Kaa naye jikoni, mwombe msamaha kwanza, kisha muoneshe bodi, mwambie akutajie kila mkwaruzo umetoka wapi. Akimaliza, mpe mkanda autie yeye. Vijiti vya kushikia mkanda vinaruka, kwa hiyo fanyeni juu ya kanga iliyotandikwa, na mtu asiwashe feni.